Haki ya Asiyejua Thamani ya Sarafu Yake

Kuna swali la kale ambalo watu hawajaacha kuulizana, nalo ni hili: mtu akiuza dhahabu huku akidhani kuwa ni shaba, je, mnunuzi anayeitambua amwambie, au anyamaze, alipe bei ya shaba na aende zake? Cicero, mwanasheria na mwandishi wa Roma, alilitia swali hilo katika kitabu chake juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristo. Alieleza kuwa wenye hekima wawili waliomtangulia, Diogenes wa Babeli na Antipater mwanafunzi wake, hawakupatana katika mambo ya namna hiyo. Mwalimu aliona kuwa mtu sokoni hana faradhi ya kusema kila alijualo, mradi hasemi uongo. Mwanafunzi aliona kuwa mtu mwema hawezi kumficha mwenziwe jambo ambalo mwenziwe angelitaka kulijua kabla ya kupeana mikono.

Nakuomba, msomaji, ulitoe swali hilo Roma, ulilete huku kwetu baina ya Ruiru na Thika, uliweke juu ya meza ya soko, na uliulize upya kana kwamba wewe ndiwe mnunuzi. Nalileta kwa sababu vijana wengi hupenda kukusanya vitu vya kale, na katika vitu hivyo sarafu huwavuta kuliko vingine. Machoni pa watu ukusanyaji huo ni mchezo usio na madhara. Kwa kweli ni shule, na katika shule hiyo swali la Cicero hufundishwa kwa fedha taslimu.

Kwanza yafaa tujue mkusanyaji hutafuta nini. Bahili hupenda fungu. Mkusanyaji hupenda sarafu moja moja. Huigeuza mkononi, husoma mwaka wake, hutafuta herufi ndogo inayotaja mji uliopigwa sarafu ile, huipima uzito, kisha hujiuliza ilifikaje hapo ilipo. Wala hahitaji kwenda mbali. Senti zetu za zamani zenye tundu katikati, ambazo babu zetu waliweza kuzitunga katika uzi, zinatosha kumfundisha mwanafunzi habari za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, na habari za rupia iliyoondolewa ili shilingi ishike mahali pake mwaka 1921. Reli ilipofika Thika mwaka 1913 watu walihesabu kwa rupia. Hata maneno tunayoyasema kila siku ni sarafu zilizosalia katika vinywa baada ya kutoweka mifukoni. Pesa ilitoka Bara Hindi. Hela iliachwa na Wajerumani. Thumuni, maana yake sehemu ya nane, ni jina lililobaki kutoka zama za kuhesabu kwa reale.

Na reale yenyewe? Jina hilo ni la Kihispania, na maana yake ni ya kifalme. Wahispania walipoziteka nchi za Amerika walianzisha nyumba za kupigia sarafu huko huko karibu na migodi. Mexico ilianza kupiga sarafu za fedha mwaka 1536, na za dhahabu mwaka 1679. Baina ya mwaka 1732 na 1772 sarafu kubwa ya fedha ya huko ilichorwa nguzo mbili zilizosimama juu ya mawimbi, mfano wa mlango wa bahari wa Gibraltar, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana ya mbele zaidi. Sarafu za namna hiyo zilienea katika bandari zote za ulimwengu, na pwani yetu haikuachwa. Waswahili walipozitazama nguzo zile waliona mizinga miwili, wakaiita sarafu reale ya mzinga, na jina hilo likaingia katika kamusi za karne ya 19. Mimi sioni kuwa walikosea sana. Mfalme aliagiza nguzo zichorwe, lakini fedha ile haikupatikana kwa nguzo.

Sarafu za dhahabu za Wahispania ziliitwa eskudo. Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya eskudo nane, na uzito wake ulikaribia gramu 27. Wengi wetu hatutaishika sarafu hiyo maishani, na hilo halituzuii kuisoma. Picha nzuri itakuonyesha herufi M yenye duara dogo juu yake, ndiyo alama ya Mexico. Itakuonyesha pia herufi za kwanza za majina ya wapimaji, watu waliowekwa na serikali kuthibitisha kuwa dhahabu ile ni safi kwa kadiri iliyoamriwa. Kwa muda mrefu kadiri hiyo ilikuwa sehemu 22 za dhahabu katika kila sehemu 24. Mwaka 1772 serikali ya Mfalme Carlos wa Tatu iliipunguza dhahabu kwa siri, na mwaka 1786 ikaipunguza tena, hata ikawa sehemu 21. Watu waliendelea kuzipokea sarafu hizo kwa jina lile lile. Tazama basi: swali letu la sokoni lilikwisha kukaa katika kiti cha enzi. Mtoaji alijua, mpokeaji hakujua, na uso wa mfalme juu ya sarafu ulikuwa dhamana ya jambo ambalo mfalme mwenyewe alikwisha kulivunja. Wafalme wengi walifanya vivyo hivyo, na sidhani kuwa yeye alikuwa mbaya kuliko wenziwe. Ila siri yake ilipatikana, kwa sababu dhahabu hupimika.

Sasa na turudi nyumbani, maana dhahabu ya Afrika Mashariki nayo ina habari yake. Sultani Barghash wa Unguja alipigisha reale zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na chache kati yake zilikuwa za dhahabu, za reale 5 na za reale 2 na nusu. Hizo ni adimu mno. Sarafu ninayotaka kuitumia katika mfano wangu ni nyingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walizuiwa na manowari za Waingereza wasipate kuletewa fedha kutoka kwao. Walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na mwaka 1916, katika karakana ya reli karibu na Tabora, wakapiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja una tai wa Ujerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake, na herufi T chini kwa jina la Tabora. Zilipigwa sarafu 16,198 tu, kisha mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakauteka mji. Jambo la kukumbukwa ni hili, kwamba katika Tabora ile ile zilipigwa pia hela 20 na hela 5, na shaba njano iliyotumika ilitokana na maganda ya risasi. Kwa hiyo mahali pamoja, mwaka mmoja, zilizaliwa dhahabu na shaba njano, na mtu asiyezoea anaweza kuzidhania kuwa ni ndugu.

Vita hivyo viliwagusa watu wa Thika na Ruiru kwa namna ya uchungu. Maelfu ya vijana wa nchi ya Wakikuyu walichukuliwa kuwa wapagazi, wale walioitwa Kariakoo, wakabeba mizigo ya jeshi hadi ndani ya Tanganyika. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Walioajiriwa kwa wingi mwaka 1917 walianza kwa ujira wa rupia 5 kwa mwezi. Sarafu moja ya Tabora, basi, ilikuwa sawa na ujira wa miezi mitatu ya mizigo kichwani.

Huu ndio mfano wangu. Mwanamke mzee anauza vyombo vilivyotumika pembezoni mwa soko la Ruiru: masufuria, taa za chemni, vitasa visivyo na funguo. Miongoni mwa vitu vyake mna mkufu wa ushanga wenye kidude cha manjano chenye picha ya tembo. Babu yake alirudi nacho kutoka vitani, na nyumbani siku zote kimeitwa shaba. Anataka shilingi 300 kwa mkufu mzima. Anapita kijana wa Thika aliyesoma habari za sarafu kwa miaka mingi. Anakishika, anasikia uzito wake, anaiona ile herufi T. Kidude cha shaba njano cha ukubwa ule kingekuwa na gramu 4 hivi. Hiki kina gramu 7 na zaidi. Moyo unamwenda mbio. Afanye nini?

Wako watakaosema alipe shilingi 300 na aondoke, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema hivi: maarifa yale hakuyaokota njiani. Alinunua vitabu wakati wenzake walinunua starehe; alikesha; mara kumi alinunua vitu visivyo na thamani na hakuna aliyemrudishia fedha zake. Faida ya leo ni ujira wa miaka ile. Tena hakumlazimisha mama yule, hakumdanganya, hakutaja bei yeye. Mama alitaka shilingi 300 na amezipata, na atalala radhi. Husema pia kuwa kila aliyejaribu kuuza na kununua bila siri alifunga duka. Mkulima hamwambii mnunuzi kuwa jirani anauza kwa bei nafuu zaidi, na mnunuzi hamwambii mkulima kuwa kesho bei itapanda.

Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayohitaji kupasuliwa ili tuone ndani yake. Kuna ujuzi wa aina mbili. Upo ujuzi wa mambo yaliyo nje ya kitu: bei ya kesho, mvua ya mwezi ujao, meli iliyo njiani. Upo na ujuzi wa kitu chenyewe, kwamba hiki ni nini. Wakulima wa kahawa wa sehemu hizi wanaijua tofauti hii vizuri kuliko wanafilosofia. Mnunuzi akikisia kuwa bei ya dunia itapanda, akanunua mapema, mkulima hawezi kumshtaki, kwa kuwa na yeye angeweza kukisia. Lakini buni za daraja la juu, zinazoitwa AA, zikiandikwa kuwa ni za daraja la chini kwa sababu mkulima hakuwapo wakati wa kuchekechwa, hiyo haiitwi biashara mahali po pote. Katika jambo la kwanza watu wawili wanajadiliana juu ya kitu kimoja. Katika la pili mmoja anauza kitu kimoja, na mwingine ananunua kitu kingine.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mkufu wetu. Mama aliridhia kutoa shaba. Hajaulizwa juu ya dhahabu, kwa hiyo hajaridhia kuitoa. Ridhaa yake imeshika kitu kisichokuwapo, na kile kilichopo kimepita pembeni mwa ridhaa hiyo. Ukitaka kuujaribu ukweli wa neno hili, fikiri kuwa mama amegundua habari kesho yake. Je, kijana atapita tena mbele ya meza ile, amwamkue kama zamani? Kama atazunguka njia nyingine, basi moyoni mwake anajua kuwa kulikuwa na kitu kilichochukuliwa.

Na ule ujira wa maarifa? Naukubali kabisa. Mtu aliyesoma anastahili kulipwa kwa kusoma kwake, na jamii isiyowalipa wajuzi hubaki bila wajuzi. Lakini daktari hulipwa kwa kutaja ugonjwa; hatujasikia kuwa hulipwa kwa kuuficha. Hapo Ruiru penyewe wataalamu wa utafiti wa kahawa walifanya kazi miaka mingi wakapata mmea unaovumilia ugonjwa wa kuozesha buni, wakautoa kwa wakulima mwaka 1985 kwa jina la Ruiru 11. Ujuzi wao ulikuwa mgumu kuliko wa kijana wetu, nao ulilipwa kwa kutolewa. Kijana vilevile anaweza kusema: Nyanya, kitu hiki ni dhahabu, niruhusu nikitafutie mnunuzi wa haki, nawe unipe sehemu yangu. Sehemu hiyo iwe ngapi ni jambo la wao wawili kupatana, na kama ni kubwa, iwe kubwa mchana kweupe.

Lakini sitaki uondoke ukidhani kuwa sheria ni moja kwa kila mtu. Kama muuzaji angekuwa tajiri wa duka la vitu vya kale, mwenye mizani na vitabu, ambaye kazi yake ni kujua, nisingemlaumu sana kijana aliyenyamaza. Mtu aliyetundika kibao kusema kuwa anajua amekubali kushindana na wajuao. Tena kama mama angekuwa ameichimba sarafu ile ardhini, nayo ikawa ya kabla ya mwaka 1895, basi si yake wala si ya kijana, kwa maana Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vya kale vilivyo ardhini kuwa mali ya serikali. Reale ya mzinga ingekuwa katika hesabu hiyo. Sarafu ya Tabora, iliyorithiwa nyumbani, haimo.

Liko jambo moja zaidi, nalo huwasumbua wakusanyaji walio waaminifu. Dhahabu ya Wahispania ilipatikanaje? Mwaka 1532 Francisco Pizarro alimkamata Atahualpa, mfalme wa Wainka, katika mji wa Cajamarca. Mfalme aliahidi kujaza chumba kwa dhahabu ili aachiliwe. Watu wake walileta vyombo na mapambo, nayo yakayeyushwa kuwa mikuo, na mwaka 1533 mfalme akauawa hata hivyo. Hapo hapakuwa na mtu asiyejua thamani. Palikuwa na mtu asiye na nguvu. Baadaye merikebu zilizobeba mali ya Amerika zilizama, na wazamiaji wa zama zetu wamezifuata. Merikebu ya Mercedes ilizama mwaka 1804. Kampuni ya Marekani ilitoa humo sarafu karibu 600,000 mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama za Marekani zikaamuru zirudishwe Hispania. Peru nayo ilikuwa imedai haki yake katika sarafu zilizopigwa katika ardhi yake, haikupewa. Mwenye kushika eskudo leo ameinunua kwa haki kwa mtu aliyeinunua kwa haki, na mwanzo wa mnyororo huo uko Cajamarca. Sisemi aitupe baharini. Nasema asiisome nusu. Anayejua herufi ya mji na jina la mpimaji, asijue aliyeichimba dhahabu, ameusoma uso wa mfalme peke yake.

Na kwa ajili hiyo namrudia mama wa Ruiru. Ile sarafu ya tembo si dhahabu tu kwake, wala si kitu adimu tu kwa kijana. Ni miezi mitatu ya mgongo wa babu yake, kama ni ujira. Na kama aliiokota au alipewa, hiyo nayo ni habari ambayo yeye peke yake anaweza kuisimulia. Mnunuzi aliyenyamaza ameipoteza habari hiyo, kwa kuwa huwezi kumwuliza mtu maswali mengi juu ya kitu ambacho hutaki akitazame mara ya pili. Ataipeleka sarafu Thika ikiwa bubu. Kwa mkusanyaji wa kweli, hasara hiyo si ndogo.

Basi tuseme kijana amesema. Amemwonyesha mama herufi ile, amempimia uzito, amemweleza kuwa asiisugue kwa mchanga wala majivu, kwa maana kila mkwaruzo hupunguza thamani. Mama ameivua katika ushanga, ameitazama kwa muda, kisha amesema, “Asante, mwanangu. Sasa siiuzi.” Hilo laweza kutokea, na aghalabu hutokea. Kijana hana haki ya kununa. Ana haki ya kuomba kalamu, na kiti, na ruhusa ya kuichora pande zote mbili, na kuandika katika daftari lake yale ambayo mama anayakumbuka juu ya babu yake: alichukuliwa mwaka gani, alirudi na nani, alikipataje kidude kile, na kwa nini hakukiuza katika miaka ya njaa.